Ndege Ichezayo Karibu na Ardhi: Historia ya Kimo katika Nchi za Maziwa

Watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, kuanzia Bujumbura kupita Rumonge hadi Nyanza-Lac, wameyazoea maji kuliko anga. Mvuvi wa ndagala na mukeke hahitaji kuambiwa hatari ya ziwa. Huutazama upepo kabla ya kusukuma chombo chake majini, na akiona wingu baya juu ya milima ya Kongo hukaa nchi kavu. Lakini ndege ikipita chini juu ya mitumbwi, mambo hubadilika. Watoto huacha kazi walizotumwa, wachuuzi husimama, kila mtu huinua shingo na kupiga kelele za furaha. Ni wachache wanaojiuliza mwanahewa huyo amebakiza nafasi gani ya kujiokoa iwapo jambo litaharibika.

Katika makala haya tunakusudia kulichunguza swali hilo kwa njia ya historia. Tutatazama jinsi ndege ilivyoingia katika nchi zetu za maziwa, jinsi urukaji wa chini ulivyogeuzwa kuwa mchezo wa kutazamwa, na gharama iliyolipwa na wanahewa pamoja na watazamaji. Kwa kuwa tunawaandikia walimu na wanafunzi wa Kiswahili, tutaanza na lugha yenyewe, kwa sababu neno tunalolitumia hutuelekeza namna ya kukiona kitu.

Jina la chombo

Chombo hiki kilipofika Afrika ya Mashariki, Kiswahili hakikuhangaika sana kutafuta jina. Kilimwazima ndege wa angani jina lake, kikalipa chombo. Hata hivyo sarufi haikukubali viumbe hawa wawili wachanganyike. Twasema "ndege ameruka" tukimkusudia kunguru au mwewe, na "ndege imeruka" tukikusudia chombo. Neno ni lile lile, lakini kiambishi cha kitendo chatujulisha kwamba mmoja ana uhai na kingine hakina. Mwalimu anayetafuta mfano wa kufundishia upatanisho wa kisarufi hatapata ulio bora kuliko huu.

Majirani wa Kiswahili hawakufuata wote njia hiyo. Waganda walilipanua neno lao wenyewe, wakaita ndege wa mtini na ndege ya chuma kwa jina moja, ennyonyi. Wasemaji wa Lingala waliutazama upepo, wakakiita chombo mpepo. Warundi walifanya jambo jingine la kupendeza. Ndege wa mtini kwa Kirundi ni inyoni, na jina hilo halikuguswa. Chombo kilipewa jina la indege, lililochukuliwa katika Kiswahili. Hivyo neno ambalo kwa Mswahili lina maana mbili, kwa Mrundi lina maana moja tu, yaani chombo cha kuruka. Mtoto wa Rumonge anayezijua lugha zote mbili anabeba historia hiyo kinywani mwake bila ya kujua.

Mwendeshaji wa chombo naye alipewa jina la rubani. Neno hili ni la watu wa bahari. Rubani alikuwa mtu aliyejua miamba na mikondo, akaiongoza jahazi mpaka bandarini. Wazee waliolihamisha jina hilo kutoka baharini hadi angani walikuwa na hekima, kwa maana rubani wa kweli husifiwa kwa kuijua miamba na kuiepuka. Hakuna aliyewahi kumsifu rubani wa jahazi kwa kuupitisha mkuku wake kidole kimoja juu ya mwamba ili watu wa pwani wapige makofi.

Ndege za kwanza juu ya Ziwa Tanganyika

Ndege zilifika katika ziwa letu kwa sababu ya vita, tena mapema kuliko wengi wanavyodhani. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walilitawala ziwa kwa meli zao. Meli ndogo ya Kingani ilitekwa na Waingereza tarehe 26 Desemba 1915, na Hedwig von Wissmann ilizamishwa Februari 1916. Ikabaki Graf von Götzen, meli kubwa iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma kwa reli, ambako iliunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915.

Ili kuikabili meli hiyo, Wabelgiji walipewa na Waingereza ndege nne za aina ya Short, zenye maboya badala ya magurudumu, ziwezazo kuruka na kutua majini. Ndege hizo zilisafirishwa kwa meli hadi Kongo, zikapita kwa reli na kwa mto, na kwa nguvu za Wakongo wengi ambao majina yao hayakuandikwa, mpaka zikafika ufuko wa magharibi wa ziwa. Huko ziliunganishwa, na katikati ya mwaka 1916 mwanahewa Mbelgiji Aimé Behaeghe na wenzake waliziruhusu zipae. Zilivuka ziwa na kuangusha mabomu Kigoma. Mwezi Juni mwaka huo majeshi ya Wabelgiji yaliingia Usumbura, mji uitwao leo Bujumbura, na mwishoni mwa Julai Kigoma ikaanguka. Wajerumani waliizamisha Graf von Götzen kwa mikono yao wenyewe. Baadaye meli hiyo ilitolewa majini na kuanza kazi tena mwaka 1927 kwa jina la Liemba, jina linalojulikana na kila msafiri wa ziwa hili.

Yafaa tuzingatie hali ya wanahewa hao. Mashine zao zilikuwa dhaifu, joto lilikuwa kali, na hapakuwa na uwanja wa pili wa kukimbilia. Kila walipokwenda chini, walikwenda kwa sababu kazi iliwalazimu. Behaeghe alinusurika risasi na maji, kisha akafa kwa maradhi huko Niemba, Kongo, mwezi Desemba 1916. Historia ya anga ya ziwa letu ilianza basi na watu waliokiona kimo kuwa mali adimu, wasiopenda kuitoa bure.

Jinsi kuruka kulivyogeuka mchezo

Wakati huo huo, kwingineko duniani, ndege ilikuwa imekwisha kuwa kitu cha maonyesho. Mwaka 1913 Mrusi Pyotr Nesterov aliipigisha ndege yake pindu angani, na mwezi ule ule Mfaransa Adolphe Pégoud akaanza kuuonyesha mchezo huo mbele ya watu. Tunatumia neno pindu makusudi, kwa kuwa ndilo neno la watoto wetu wanapojipindua mchangani, na linaeleza barabara kile ambacho ndege hufanya inapozunguka duara la kusimama.

Watu walilipa fedha kutazama. Wanahewa wakagundua kwamba kadiri walivyocheza karibu na ardhi, ndivyo makofi yalivyozidi. Pindu lililopigwa kwenye kimo cha mita elfu moja huonekana kama mchezo wa nzi, lakini likipigwa juu kidogo ya miti huwasisimua watu mpaka wakashika vichwa. Tarehe 14 Machi 1915, Mmarekani Lincoln Beachey, aliyekuwa mashuhuri kuliko wote katika sarakasi hizo, alianguka katika ghuba ya San Francisco mbele ya umati mkubwa. Mabawa ya ndege yake yalivunjika alipokuwa akijaribu kuiinua kutoka katika mteremko mkali, naye akafa maji. Wahenga wetu walisema kwamba ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka.

Mchezo huo ulikuwa na uhusiano wa moja kwa moja na Afrika ya Mashariki. Miongoni mwa waliofanya maonyesho ya pindu huko Ireland mwaka 1914 alikuwa bwana mmoja wa ukoo wa kilodi, John Carbery, ambaye baadaye alihamia Kenya na kujiita John Carberry. Yeye ndiye aliyeagiza ndege ya aina ya De Havilland DH.51, iliyoletwa kwa meli hadi Mombasa na kuwa ndege ya kwanza kuandikishwa Kenya, ikaitwa Miss Kenya. Mwaka 1927 walowezi wakaanzisha chama chao cha urukaji, Aero Club of East Africa.

Mkewe, Maia Carberry, naye alijifunza kurusha ndege, akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza kufanya kazi hiyo Kenya. Tarehe 12 Machi 1928, akiwa Nairobi pamoja na mwanafunzi wake, ndege yao ilianza kuanguka kwa kuzunguka ikiwa karibu mno na ardhi. Wote wawili walikufa. Maia Carberry alikuwa bado kijana, na alimwacha binti mdogo. Nyumba ya kuuguzia wagonjwa iliyojengwa Nairobi ilipewa jina lake kwa ukumbusho.

Tunaitaja ajali hiyo kwa sababu ya kimo chake. Mwanzo wa kuzunguka kama ule ungaliwapata wakiwa juu sana, huenda ungalikuwa hadithi ya kusimuliwa jioni. Chini pale, ukawa kifo.

Kwa nini kimo ni akiba

Hapa hatuna budi kuingia kidogo katika elimu ya vitu, kwa kuwa mwalimu wa lugha naye huulizwa maswali na wanafunzi wake.

Bawa la ndege hubeba uzito kwa sababu hewa hupita juu yake na chini yake kwa mwendo wa kutosha na kwa pembe inayofaa. Rubani akiinua pua ya ndege kupita kiasi, au akikata kona kali hali mwendo ni mdogo, hewa huacha kulifuata bawa vizuri, na bawa huishiwa na nguvu ya kubeba. Iwapo bawa moja litaishiwa kabla ya jingine, ndege huinama upande huo na kuanza kushuka huku ikizunguka kama pia. Sisi tunapendelea kuiita hali hii "anguko la pia", kwa kuwa kila mtoto aliyewahi kuchezesha pia ataielewa mara moja.

Zamani anguko hilo lilikuwa hukumu ya mauti. Mwezi Agosti 1912 Mwingereza Wilfred Parke alitumbukia ndani yake mbele ya mashahidi, akasukuma usukani wa miguu kinyume na upande wa mzunguko, akaokoka kwa nafasi ndogo mno. Tangu hapo, taratibu, wanahewa walijifunza kwamba anguko la pia lina dawa. Lakini dawa hiyo huuzwa kwa bei moja tu, nayo ni kimo. Ndege ndogo mara nyingi huhitaji mita mia kadhaa za anga ili iache kuzunguka, ipate mwendo na kuinuka tena. Aliye na mita hizo hulipa na kuokoka. Aliyekwisha kuzitumia kwa ajili ya makofi hana cha kulipia.

Hesabu yake ni nyepesi, na yafaa ifanywe ubaoni. Mwendo wa kilomita 180 kwa saa ni mita 50 kwa sekunde. Ndege inayoteremka wima kwa mwendo huo kutoka kimo cha mita 150 ina sekunde 3 tu kabla ya kugusa ardhi. Katika sekunde hizo mwanadamu lazima atambue kosa, aamue la kufanya, asogeze usukani, na chombo nacho kiitikie. Msomaji na ahesabu moja, mbili, tatu, kisha apime mwenyewe.

Nchi zetu huongeza mambo mengine. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na uso wa Ziwa Tanganyika wenyewe uko karibu mita 770. Hewa ya juu ni nyepesi, na joto huizidishia wepesi. Katika hewa nyepesi injini hupungukiwa na nguvu, na ndege huhitaji nafasi kubwa zaidi kukata kona au kuinuka kutoka katika mteremko. Rubani aliyejifunza mchezo wake katika pwani ya baridi huko Ulaya, akaurudia hapa kwa vipimo vile vile, atakuta ardhi imefika kabla ya wakati.

Tena ziwa lina hila yake. Siku ambayo maji yametulia kama kioo, jicho hupoteza kipimo. Aliye juu hawezi kutofautisha mita 50 na mita 10, kwa kuwa hakuna wimbi la kumwonyesha uso wa maji uko wapi. Hilo ni jambo linalofundishwa kwa kila rubani wa ndege za maboya. Na upande wa mashariki wa Rumonge, milima hupanda kutoka ufukoni pasipo tambarare kubwa, hata mwenye kukimbia maji hukutana na mlima. Mahali palipo pazuri kwa mtazamaji ndipo palipo pabaya kwa mchezaji.

Ndege aliyegonga ndege

Ajali nyingine yatufundisha kwamba hata urukaji wa chini wenye sababu njema una hatari yake. Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walikuja Serengeti, Tanganyika, katika miaka ya 1950, wakahesabu wanyama kwa kuruka chini katika ndege ndogo ya aina ya Dornier, iliyopakwa milia kama punda. Tarehe 10 Januari 1959, Michael akiwa peke yake angani, tumbusi alijigonga katika bawa la ndege hiyo. Ndege ikaanguka, naye akafa akiwa na umri wa miaka 24. Alizikwa kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Filamu waliyoitengeneza pamoja, inayoeleza kwamba Serengeti isife, ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960.

Na turudi kidogo katika sarufi. Katika habari hiyo ndege aligonga, na ndege ikaanguka. Tumbusi huyo alikuwa katika kimo chake cha kawaida, mahali atafutapo riziki. Mgeni pale alikuwa mwanadamu. Karibu na ardhi ndipo walipo ndege wengi, miti, nyaya na watu, na kila mita tunayoshuka twaingia katika nyumba ya wenyewe.

Watazamaji nao

Mpaka hapa tumesema juu ya wanahewa. Lakini mchezo una pande mbili. Tarehe 6 Septemba 1952, katika maonyesho ya Farnborough, Uingereza, ndege ya kivita ya aina ya DH.110 ilivunjika angani, na vipande vyake vikaangukia umati. Walikufa watu 31, na 29 kati yao walikuwa watazamaji. Baada ya hapo sheria za maonyesho zikakazwa nchini humo. Tarehe 28 Agosti 1988, huko Ramstein, Ujerumani, ndege tatu za kikosi cha Italia ziligongana, moja ikawaangukia watazamaji, wakafa watu 70 kwa jumla. Tarehe 27 Julai 2002, huko Lviv, Ukraine, ndege ya kivita iliyokuwa ikicheza chini iliangukia umati, ikaua watu 77.

Misiba hiyo ndiyo iliyofundisha nchi nyingi kuwaweka watazamaji mbali na kuzuia ndege isielekezwe kwao. Kanuni za kimataifa za urukaji nazo huweka mpaka kwa ndege zinazoongozwa kwa macho: juu ya miji na mikusanyiko ya watu, si chini ya mita 300 juu ya kizuizi kirefu kilicho karibu, na kwingineko si chini ya mita 150 juu ya ardhi au maji, isipokuwa wakati wa kuruka na kutua au kwa idhini maalumu. Mtu asidhani kwamba tarakimu hizo ziliandikwa na makarani wasiopenda furaha za wengine. Zilipatikana makaburini.

Hitimisho

Tumepita kutoka Kigoma ya 1916 hadi Nairobi ya 1928, Serengeti ya 1959 na viwanja vya Ulaya. Watu hao walitofautiana kwa nchi, kwa kazi na kwa nia, lakini sheria ya anga haikuwauliza habari hizo. Iliwauliza jambo moja tu: mmebakiza kimo gani?

Kiswahili kina methali isemayo, aliye juu mngoje chini. Mara nyingi huitumia aliyedhulumiwa, anayemngojea mkubwa aanguke. Tunapendekeza walimu waifundishe pia kwa upole zaidi. Aliye juu ana watu wanaomngoja chini, mke, mume, watoto na wazazi, nao wanamngoja ashuke salama kwa miguu yake. Rubani anayekumbuka kwamba anangojwa hatauza kimo chake kwa kelele za dakika moja.

Sisi tulio ardhini nasi tuna wajibu. Mwanahewa hucheza chini kwa kuwa tunamshangilia akicheza chini. Basi tuwafundishe watoto wetu katika mwambao huu kuitazama ndege kama baba zao wanavyolitazama ziwa, kwa kulipenda na kulihofu kwa pamoja. Ndege ikipita juu sana, ndogo kama nukta, na mtoto akasema "haifurahishi", tumjibu kwamba rubani huyo ana akiba, na mwenye akiba hurudi nyumbani.